Mkanda Usiokutana

Ukitaka kumuudhi Bizimu, mwambie kwamba mkanda ni kitu cha kushikilia suruali. Atakutazama juu ya miwani yake kama mtu aliyetukaniwa ukoo, kisha atakueleza kwamba suruali hushikiliwa na tumbo, tena bure. Kazi ya mkanda ni kumshika mtu mwenyewe asije akatawanyika. Alikuwa fundi wa mikanda tangu ndevu hazijamwota. Alishona mikanda ya walinzi, ya bendi za shule, na ya mabwana wenye vitambi waliorudi kila mwaka kuongezewa tundu huku wakiapa kwamba ni ngozi iliyosinyaa, si wao walionenepa. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Bizimu, kwa kile chuma cha kufungia mkanda, naye aliitika bila kinyongo.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chembamba. Mbele palikuwa na meza ya kazi na mashine, nyuma kitanda na jiko, na katikati pazia alilolishona marehemu mkewe. Wembamba huo haukuwa wa asili. Zamani karakana ilikuwa pana, mali ya baba yake, na watu wawili waliweza kufanya kazi humo bila kugongana viwiko. Sasa ilikuwa imepasuliwa katikati kwa ukuta wa plaiwudi, na upande wa pili wa ukuta huo alifanya kazi mdogo wake, wa baba mmoja mama mmoja, mshona viatu ambaye watu walimwita Soli. Kila mmoja alikuwa na mlango wake wa barabarani, kufuli lake na redio yake. Walisikiliza kituo kilekile, lakini kila mtu aliona afadhali anunue betri zake.

Hawakusemeshana. Sababu yake haikuwa siri. Mke wa Bizimu aliugua kwa muda mrefu, akalazwa, na Soli, shemeji mtu, aliyekula kwenye meza ya mama yule tangu ujana wake, hakukanyaga wodini hata siku moja. Mgonjwa alikuwa akiuliza, "Shemeji yangu yuko wapi?" na Bizimu akijibu, "Kazi zimemzidi," huku akiona aibu ya kusema uongo mbele ya mtu anayekufa. Makaburini Soli alikuja. Alinyoosha mkono wa pole, na Bizimu akaupita kana kwamba ni tawi la mti. Juma lililofuata plaiwudi ilikuwa imesimama.

Majirani walinyamaza. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Walikuwa wamelima miaka mitatu sasa, na hapajaonekana dalili ya mavuno.

Ila palikuwa na koleo. Baba yao aliacha koleo moja tu ya kutobolea ngozi, ya chuma kizito, yenye gurudumu la meno makubwa kwa madogo, na zile zinazouzwa madukani siku hizi hupinda ukizipa ngozi nene. Hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Kwa hiyo siku ileile ya kupigilia ukuta misumari waliacha tundu la mraba usawa wa meza, la kutosha kupitisha kiatu cha mtoto. Aliyeitaka koleo aligonga meza mara mbili. Mkono ulitokea tunduni, ukaiweka, ukarudi. Hapakuwa na shikamoo wala ahsante. Wakikutana barabarani Bizimu alimtazama mdogo wake kama anavyotazama nguzo ya umeme, lakini mkono ule aliujua kuliko wake mwenyewe: kovu la kisu kwenye gumba, rangi ya viatu chini ya kucha, na hivi karibuni mtetemeko mdogo ambao haukuwapo zamani. Mtetemeko huo ulimsumbua. Hakumwambia mtu, maana angemwambia nani?

Ugonjwa ulimjia Bizimu kama mtu asiyebisha hodi. Kwanza ubavu wa kushoto ulianza kuwaka moto, na juu ya ngozi huoni kitu. Alidhani amelala vibaya. Akadhani ni kiti, akabadilisha mto wa kiti. Baadaye hata shati likawa adui, likimgusa anaruka. Ndipo malengelenge yakatokea, mekundu, yamejipanga mstari kutoka chini ya titi kuelekea mgongoni, kama shanga zilizoungua.

Wa kwanza kuyaona alikuwa mlinzi wa lile jengo refu la mtaa wa pili, aliyekuja kuchukua mkanda wake mpya. Bizimu alipoinua mkono kuutoa msumarini alikunja uso, na mlinzi, mtu mbea kwa asili, akataka kujua kulikoni. Bizimu akapandisha shati.

"Toba!" Mlinzi akarudi nyuma. "Mkanda wa jeshi huo, mzee!"

"Mkanda wa nini?"

"Wa jeshi. Hujausikia? Bibi yangu alikuwa akisema, huo huanzia upande mmoja ukazunguka, ukazunguka. Ncha mbili zikikutana tu..." Akaunganisha vidole vyake viwili mbele ya tumbo, kama mtu anayefunga bizimu. "Basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo basi, mzee wangu. Kwaheri ya kutoonana."

Bizimu akageuka. "Hebu niangalie mgongoni. Umefika wapi?"

Lakini mlinzi alikuwa ameshauvaa mkanda wake na kuufikia mlango. Alisema zamu imemfikia, akasema yeye si mtaalamu, akasema Mungu ni mwema, yote kwa pumzi moja, akaenda zake.

Mtu mwingine angecheka, akasema bibi za watu wana maneno. Bizimu hakuweza kucheka, kwa sababu ya kazi yake. Maisha yake yote hakuwahi kuona mkanda usiokutana. Mkanda hukatwa ili ukutane. Ukikosa kufika ncha kwa ncha, huo si mkanda, ni kipande cha ngozi, utupe kapuni. Aliyeuita ugonjwa huu mkanda, aliwaza, lazima alikuwa na sababu. Alichukua futi yake, akajizungushia kifuani huku akiuma meno, na kwa chaki ya kuchorea ngozi akaweka alama pale malengelenge yalipoanzia mbele. Upande wa mbele aliumudu. Nyuma sasa! Mkono wa kulia haukufika, na wa kushoto haukuinuka kwa maumivu.

Akaenda ng'ambo ya barabara kwa dada wa saluni, akaazima kioo cha mkononi, akasema ni cha mteja. Alirudi, akasimama akiwa ameupa kisogo kioo kikubwa cha ukutani, akashika kile kidogo mbele ya uso. Kioo kilitikisika na yeye akatikisika. Aliona mgongo mzee asioujua, akaona wekundu hapa, wekundu pale, na hakujua upi ni ugonjwa na upi ni alama ya fremu ya kitanda. Akakaa kitako. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, na kumbe hata mgongo wake hauoni.

Hapo ndipo upweke wake ulipompata barabara. Alikuwa ameuzoea, kama mtu anavyozoea kelele za mashine. Alikula peke yake, akazima taa peke yake, akajiambia kwamba wengi wanaishi hivyo. Hakujaliwa mtoto, mke alikuwa ametangulia. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba ipo sehemu ya mwili wa mtu ambayo hakupewa aitazame, amepewa mwenzake amtazamie. Mkewe alikuwa akimsugua mgongo Jumapili na kumwambia, "Una kidoa kipya hapa, kimekuja kukutembelea." Tangu aondoke, huo mgongo haukuwa na mtu. Pengine ncha zilikuwa zimebakiza upana wa kidole, na hapakuwa na wa kumwambia.

Basi akaanza kujiandaa. Alimaliza kazi za watu alizokuwa nazo. Alifagia chini ya mashine. Aliipaka koleo mafuta, gurudumu likazunguka bila mlio, akairudisha tunduni ingawa haikugongewa, ili itakapotokea la kutokea iwe upande wa Soli na pasiwe na ubishi. Alijiuliza nani atakuwa wa kwanza kujua kwamba amekufa, akaona ni mwalimu wa bendi ya shule, maana mikanda ya watoto ilikuwa ya kuchukuliwa Ijumaa. Angekuja, angegonga, angekasirika. Bizimu alilia kidogo kwa hilo, kisha akajikaripia, kisha akalia tena.

Dada wa saluni alivuka barabara kufuata kioo chake. Alikuwa na mimba kubwa na hasira ndogo ndogo za mimba. Alimkuta mzee amekaa bila shati, chaki kifuani kama kitambaa kinachosubiri mkasi.

"Mzee, hiki nini?" Akatazama, akashika kinywa. "Na unakaa nacho ndani? Mficha maradhi, kifo humuumbua! Umekwenda zahanati?"

"Nitakwenda kufanya nini? Mkanda ukikutana..."

"Mkanda ukikutana nani kasema?"

"Mlinzi."

"Mlinzi!" Alitaja jina la Mungu na la mlinzi katika sentensi moja. "Huyo akiumwa kichwa anadhani kofia imembana. Vaa shati. Inuka. Usinifanye nizae hapa kwa hasira."

Bizimu akaenda. Tusifiche, alikwenda kwa sababu amefokewa, na ilikuwa muda mrefu hajafokewa na mtu anayemjali.

Zahanatini daktari alikuwa binti wa umri ambao Bizimu angeweza kumzaa. Alimwamkia shikamoo, akamkalisha kitandani, akavaa glavu, akaenda nyuma yake. Vidole viligusa mgongo. Bizimu alishtuka, na si kwa maumivu.

"Umekutana?" aliuliza kabla hajaambiwa kitu.

"Nini kimekutana, mzee wangu?"

"Ncha."

Daktari akaelewa. "Haujakutana. Na hautakutana."

"Binti yangu, mimi ni fundi wa mikanda. Usinidanganye kwa jambo la mikanda. Kama haukutani, kwa nini ukaitwa mkanda? Nani aliuita? Nina haki ya kujua."

Daktari alivua glavu, akavuta kiti. Pengine foleni ilikuwa fupi siku hiyo, au pengine aliona kwamba dawa ya huyu haitaanza kwenye vidonge.

"Waliouita ni wengi," alisema. "Wayunani wa kale waliuita zosta. Zosta ni mkanda, tena ule wa mpiganaji, anaojifunga kiunoni akienda vitani. Na hadi leo sisi madaktari tunaandika neno hilohilo. Mbele yake tunatia jingine, la kusema kitu kinachotambaa. Kwa hiyo jina zima ni mkanda unaotambaa. Walatini nao wakaona vivyo hivyo, wakatumia neno lao la mkanda, na Waingereza wakalichukua hilo la Kilatini wakalitafuna mpaka likawa lao. Sisi tunasema mkanda wa jeshi. Watu ambao hawakujuana, mzee, na wote wakaona mkanda."

"Basi unaona! Wote hao watakosea?"

"Hawakukosea. Waliona nusu, hofu ikawamalizia nusu." Akachukua kalamu na karatasi, akachora mstari wa uti wa mgongo na matawi. "Mishipa ya fahamu hutoka hapa kwa jozi, mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia. Wa kushoto unazunguka ubavu mpaka mbele, unaishia katikati. Hauvuki. Ugonjwa wako umo kwenye mshipa mmoja, na unafuata njia ya mshipa huo tu. Ndiyo maana una umbo la mkanda, na ndiyo maana ni nusu. Mara chache sana mtu hutokewa pande zote mbili. Nimemwona mmoja. Yu hai, analalamikia foleni kila akija."

Bizimu aliitazama karatasi ile kwa jicho la kazi. Mkanda wa nusu. Kapuni angeutupa. Alihisi kitu kikilegea kifuani, na kwa mshangao wake hakikuwa furaha tupu. Alikuwa amejiandaa kufa, na sasa ilibidi arudi kule chumbani kuishi.

"Uliwahi kuugua tetekuwanga utotoni?" daktari aliuliza, akiandika.

"Niliugua. Kwani?"

"Ndiyo hiyohiyo. Tetekuwanga ikipona haitoki mwilini. Inalala kwenye mzizi wa mshipa, kando ya uti wa mgongo, miaka nenda rudi. Uzee ukiingia, au mwili ukichoka, au majonzi yakizidi, inaamka. Hukuambukizwa na mtu majuzi. Umekuwa nayo tangu ulipokuwa mtoto."

Bizimu akarudi utotoni. Aliona chumba cha stoo cha nyumba ya mama yao, na pazia la gunia. Soli ndiye aliyeanza kuugua. Alikuwa mdogo, hata meno ya mbele hana, na mama alimtenga humo stoo asije akawaambukiza wengine. Akamwambia mkubwa, ukivuka mlango huu utanitambua. Mtoto alilia kutwa nzima, si kwa kuwashwa, alilia anamtaka kaka. Na kaka alivuka. Aliingia, akajilaza kwenye mkeka, akamwambia, geuka, nikuhesabie. Akamhesabia vipele mgongoni kwa kidole, mpaka kilio kikapungua. Alipofika sita akaruka kwa makusudi, akasema nane, na yule mdogo akapiga kelele kwa furaha, "Umeruka saba!" Akaanza upya, akaruka tena saba. Hivyo hivyo mpaka mtoto akalala. Mama aliwakuta wote wawili usingizini, na majuma mawili baadaye, alipoona vipele vya kwanza kwenye shingo ya mkubwa, hakumpiga. Alisema tu, "Haya. Umeyafuata mwenyewe."

"Mzee wangu?"

"Nakusikia."

Daktari alimpa vidonge, pamba, na chupa ya dawa ya maji ya rangi ya waridi, ya kupaka ili kutuliza. Akamwonya: maji ya malengelenge yasimguse mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, na hasa mjamzito na mtoto mchanga, mpaka yakauke kabisa. Aliyekwisha kuugua hana neno.

"Huko mgongoni nani atakupaka?"

"Wapo," alisema Bizimu. "Watu wapo wengi nyumbani."

Daktari alimtazama sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika, akaita mgonjwa mwingine.

Dada wa saluni alimwona akirudi, akashuka ngazi na mikono yake mbele. "Lete dawa nikupake."

"Simama hapohapo!" Bizimu aliinua mkono. "Uliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Mama anasema sikuwahi. Kwani vipi?"

Akamweleza akiwa katikati ya barabara, baiskeli zikimkwepa. Dada akashika tumbo lake, akarudi ngazi moja. Uso ulimsawijika. "Sasa atakupaka nani, mzee?"

"Nitajipaka."

"Kinyozi hajinyoi!"

"Atajinyoa leo," alisema Bizimu, akafunga mlango. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wake mmoja wa kuongea naye kila siku, na sasa ilimpasa amkwepe.

Alijaribu, hakuna atakayesema hakujaribu. Alichukua brashi mpya ya gundi, akaifunga kwenye ufito wa kupimia ngozi, akaichovya, akaipitisha juu ya bega. Dawa ilipaka sikio. Akaipitisha chini ya kwapa, ikapaka shuka, pazia, na mkanda mmoja wa bendi uliokuwa umekamilika. Pale panapowaka hapakupata hata tone. Alipojinyoosha mara ya mwisho ubavu ulimkaba, ufito ukamponyoka ukagonga plaiwudi kwa kishindo, na yeye akatoa sauti ambayo hakukusudia mtu aisikie.

Upande wa pili nyundo ya Soli ilikoma.

Bizimu alisimama, mkono ukishika meza. Kila upande ulisikiliza. Alingoja nyundo ianze tena, na haikuanza. Daktari alisema aliyekwisha kuugua hana neno. Duniani alikuwa anamjua mtu mmoja tu ambaye angeweza kuapa kwamba aliugua, maana alikuwa amelala naye mkeka mmoja.

Akagonga meza mara mbili.

Mkono ulitokea tunduni na koleo, ukaiweka, kama kawaida. Bizimu hakuichukua. Aliweka chupa ya waridi kando yake, akaisukuma taratibu mpaka ikagusa vile vidole vyenye rangi ya viatu. Mkono ukabaki. Haukuwahi kubaki. Uliishika chupa, ukaigeuza kana kwamba vidole vinasoma, ukaingia nayo.

Redio ya upande wa pili ikazimwa. Bizimu alisimama kifua wazi akiona aibu inampanda kutoka miguuni. Alitarajia chupa irudi tunduni. Badala yake alisikia kiti kikisogezwa, na mlango wa jirani ukilia, na hatua za mtu anayeburuta mguu mmoja kidogo. Zilikuja mpaka mlangoni kwake zikasimama. Mlango ulisukumwa. Kivuli kililala sakafuni, lakini mwenye kivuli hakuingia.

"Nilifika," sauti ilisema kutoka nje. Ilikuwa imezeeka, Bizimu asingeijua. "Kule wodini. Si mara moja, kaka. Nafika mpaka mlangoni, naona miguu yake kwenye shuka, halafu miguu yangu inakataa. Narudi nyumbani najitukana. Kesho naenda tena, inakataa tena."

"Alikuulizia."

"Najua."

"Kila siku alikuulizia. Nikamdanganya kwa ajili yako."

"Najua, kaka."

Kwa miaka mitatu Bizimu alikuwa ametunga maneno ya kumwambia mtu huyu, maneno makali, ameyanoa kama visu vya kazi. Sasa aliyatafuta akayakuta yote yapo, hata moja halijapotea, na hasira nayo ipo, nzima. Ila ilikuwa imechoka kusimama, na yeye pia.

"Nina hasira nawe," alisema. "Nitakuwa nayo na kesho. Lakini mgongo siufikii. Ingia."

Kivuli hakikusogea. Bizimu alifikiri, hata leo, hata kwangu, miguu itakataa. Akageukia ukuta ili asione. Kisha ubao wa kizingiti ukalia, na nyuma yake akasikia mtu akipumua kwa kwikwi, kama aliyepanda mlima.

"Lo," alisema Soli alipouona mgongo. Kisha akasema, polepole, "Si ni tetekuwanga ile? Hata dawa ni ileile ya waridi, mama alitupaka ya namna hii. Hii uliipata kwangu."

"Kwako."

"Mama alikukataza usiingie."

"Alinikataza."

Pamba iligusa mgongo. Dawa ilikuwa baridi, na mkono ulikuwa ukitetemeka, ule mtetemeko aliokuwa akiuona tunduni, lakini haukuumiza. Bizimu aliegemeza paji la uso kwenye plaiwudi. Alikwishaambiwa na daktari, amechorewa hata picha, na bado aliuliza, "Umekutana?"

"Haujakutana. Umeishia hapa, kwenye uti wa mgongo." Kidole kikagusa mahali, kando kidogo, kwenye ngozi isiyo na lengelenge.

"Angalia vizuri."

Soli akasogea karibu. Alichovya pamba upya, akaanza kugusa lengelenge moja moja kutoka juu, akisema kwa sauti ya chini ya mtu asiye na uhakika kama ameruhusiwa.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita." Pamba ikasita, ikashuka. "Nane."

Bizimu alifumba macho, machozi yakiteremka kwenye plaiwudi.

"Umeruka saba," alisema.